Daftari la Mazimwi

Foleni ya duka la kutoa kopi ilikuwa imefika barabarani siku aliyoingia fundi wa majeneza, shati lake la kijani limenyooshwa vizuri, vumbi la mbao bado limo masikioni. Watu walimjua, wakajisogeza wasimguse. Mpiga chapa, mwanamke wa gauni jeusi na hereni za mifupa, hakujisogeza. Alipokea kitambulisho chake, akakiweka kwenye mashine, akamwuliza kama ni kweli maiti hugonga mfuniko.

"Maiti hajanigongea hata siku moja," fundi alijibu. "Wanaogonga ni warithi, wanataka nifanye haraka."

Mpiga chapa alicheka mpaka akatoa kopi sita badala ya moja.

Kabla ya hapo alikuwa akirudi nyumbani kutoka kazini, anaosha sahani moja, kisha anakaa na daftari lake la visa vya mazimwi, mizimu na vibwengo, kila kisa na jina la msimulizi chini yake. Wachumba wawili walilisoma wakatoka nduki. Upweke ulimuuma, lakini daftari hakulificha. Sasa simu ililia kila jioni, fundi akimwita "zimwi langu" na kumpa visa vya karakana, naye akaviandika vyote.

Ndipo dada yake fundi alipokuja kumtazama wifi. Chai ikichemka, alifungua daftari, akaona kichwa "Aliyezikwa Hai," chini yake jina la kaka yake na tarehe. Akaamini kaka ameandikiwa kifo. Hakuuliza, alibeba mkoba, akaondoka.

Jioni fundi alipiga simu.

"Lichome tu, mpenzi. Dada ndiye aliyenilea."

"Ulimwambia kisa ni chako, ulinisimulia mwenyewe?"

"Lichome tu," fundi alirudia.

"Wewe watu wanakukwepa kwa kazi yako na hujaiacha," mpiga chapa alisema. "Mimi ndiye niache yangu? Basi usinipigie."

Alikata simu, akalia kwa kwikwi. Alimpenda yule mtu, na alijua huenda hatapata mwingine. Daftari hakulichoma.

Siku ya tisa fundi aliingia dukani mchana, foleni imejaa, dada yake nyuma kanuna. Hakungoja zamu.

"Nimemwambia kisa ni changu," alisema, wote wakisikia. "Niliogopa, nikakuacha ubebe lawama peke yako. Nisamehe. Na nimemwambia nakuoa, akipenda asipende, ukinikubali."

Mpiga chapa alizima mashine. Hakutaka kushusha bei.

"Na daftari?"

"Tutaliweka kabatini, nguo zako zilipo."

"Litakaa sebuleni, mezani, kila mgeni alione. Ukikubali hilo, nami nimekubali."

Fundi alikubali. Dada mtu aliuliza sebule yenyewe itakuwa na viti vingapi.