Nafasi ya Delmar

Blanketi lilikuwa baridi. Ndivyo jambo lenyewe lilivyoanza, na kama lingeanza kwa kishindo pengine Lavonne Kubicek angekimbia mapema. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya maonyesho ya kaunti yetu, mwezi wa nane, na jua la saa kumi na mbili jioni lilikuwa bado juu ya mashamba ya mahindi wala halina mpango wa kuondoka. Hapa Iowa wakati wa kiangazi jua hukaa mpaka lichoke lenyewe. Mabenchi ya alumini yalikuwa yamepata moto kiasi cha kumrusha juu mtu aliyevaa kaptula. Lavonne alipapasa blanketi lake jekundu kutoka kulia kwenda kushoto. Nafasi ya Trudi, moto. Nafasi yake mwenyewe, moto. Nafasi ya tatu ilikuwa baridi kama ukuta wa kisima.

"Mtu kamwaga soda ya barafu," alisema Trudi, binti yake, akitafuna soseji ya kijiti.

"Pakavu."

"Basi ni kivuli."

"Kivuli cha nini, mwanangu? Hapa hata kofia haina kivuli."

Trudi akacheka, akasema ubaridi wa bure siku kama hii ni wa kushukuru, na mama yake akaketi.

Sisi watu wa kaunti hii tuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote na haihitaji polisi. Siku ya tamasha la muziki geti hufunguliwa alfajiri, watu hukimbia na mablanketi yao, huyabandika kwenye mabenchi kwa selotepu ya kijivu, kisha hurudi nyumbani kukamua ng'ombe. Blanketi hushinda pale peke yake kutwa nzima. Hata uwe umechoka, hata uwe mjamzito, hata nafasi ibaki tupu mpaka gitaa la mwisho linyamaze, blanketi la mtu hulikalii. Unauliza kwa adabu kama pana mtu. Ukiambiwa pana mtu, unaomba radhi na kwenda kusimama kwenye uzio. Kwetu mtu atamsamehe jirani aliyemgongea ndama kwa lori kabla hajamsamehe aliyekalia blanketi lake.

Asubuhi ile Lavonne alikuwa ametandika nafasi tatu, kama alivyotandika kwa miaka thelathini na minane: yeye, Trudi, na Delmar mumewe. Mikono ilitandika yenyewe. Alipokuwa anabandika selotepu, kijana mmoja mwenye mkewe akauliza kama ile ya pembeni ina mtu. "Mume wangu anakuja," akajibu. Akaja bibi mwenye mkongojo, akajibiwa vivyo hivyo. Akaja baba na watoto watatu, akajibiwa vivyo hivyo.

Delmar Kubicek alikuwa kaburini tangu Februari. Aliingia ndani ya ghala la chuma kuvunja ukoko wa mahindi yaliyoota ukungu, ukoko ukakatika, na mahindi yakamvuta miguu, kiuno, kifua, mpaka yakafunika kofia yake. Tulikata bati kwa misumeno kwa muda wa saa nne nzima kumtoa. Tangu siku hiyo Lavonne hakuwahi kulitamka neno lenyewe. Mchungaji aliambiwa kwamba Delmar hayupo, na mwuza mbegu aliyepiga simu akaambiwa ametoka. Mimi simlaumu. Nilimpenda Delmar, na hata mimi neno lile linanikwama. Lakini kuna viumbe ambao hawana mwili wala mwaliko, wanazunguka penye watu wengi wakitega sikio, na huyu mmoja alikuwa ameambiwa mara tatu kwamba nafasi ni ya mtu anayekuja.

Bendi ya kantri ikapanda jukwaani. Mwimbaji mwenye kofia ya majani akasalimia, vumbi la uwanja wa mashindano ya matrekta likapanda, na watu elfu nne wakapiga kelele. Mabenchi yalikuwa yamejaa goti kwa goti. Wimbo wa pili ulipoanza Lavonne akasikia harufu. Haikuwa ya keki za kukaanga wala ya mabanda ya nguruwe. Ilikuwa ya mahindi mabichi yaliyooza gizani, tamu kidogo, yenye kuwasha puani.

"Unasikia harufu hiyo?"

"Mama, tuko kwenye maonyesho ya mifugo," alisema Trudi. "Ngoja nikuletee maji ya ndimu. Nikirudi nitakukuta hapahapa?"

"Nihamie wapi?"

Trudi akajipenyeza kati ya magoti ya watu, samahani, samahani, akashuka ngazi na kupotea kwenye foleni.

Hapo ndipo benchi lilipobonyea upande wa kushoto. Lavonne hakugeuka. Alumini ilishuka taratibu, kama inavyoshuka mtu mzito anapoketi kwa uangalifu asimwage bia yake, na blanketi likajikunja kidogo kumwelekea. Kisha kiatu ambacho hakikuonekana kikaanza kugonga ubao wa miguuni kufuata ngoma. Moyo ulimruka kwa furaha. Naam, furaha, nisifiche.

"Umechelewa," alinong'ona.

"Umeniwekea nafasi," ilijibu sauti. Ilikuwa ya Delmar, lakini kavu, kama imepita kwenye pumba.

"Ni wewe?"

"Ulisema mume wako anakuja. Nimekuja."

Kiatu kiliendelea kugonga, na Lavonne akasikiliza vizuri. Kilikuwa kinagonga sawasawa. Delmar hakuwahi kupatana na ngoma hata siku moja. Kanisani walimwomba asipige makofi. Furaha ikamtoka, na mahali pake pakaingia baridi iliyoanzia kwenye vidole vya miguu. Akataka kusimama. Miguu haikuinuka. Alitazama chini akaona viatu vyake na ubao mtupu, lakini ngozi yake ilihisi punje, maelfu ya punje ngumu zikimzunguka vifundo, na kila alipoukaza mguu zilishuka na kumkaza zaidi.

"Usihangaike," ilisema sauti. "Anayehangaika huzama haraka. Mumeo alihangaika."

"Niache."

"Umenikaribisha mwenyewe. Uliulizwa, ukajibu. Ukiulizwa tena, ukajibu vingine, nitaondoka." Ikacheka kidogo, kicheko cha punje zikimwagika. "Lakini nani atakuuliza sasa? Hawa ni watu wenye adabu. Wameliona blanketi."

Lavonne akafungua mdomo ili aseme mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba Delmar ameku... na kinywa kikajaa vumbi. Akakohoa. Mtu wa mbele akamgeukia kwa tabasamu, akampa leso ya karatasi, akarudi kwenye muziki.

Punje zilikuwa magotini.

Kwenye ngazi alisimama Virgil Mashek, jirani yao, aliyeshika msumeno siku ile ya ghala. Alikuwa anatafuta pa kukaa. Lavonne akampungia mkono kama mtu anayezama, maana alikuwa anazama.

"Virgil! Njoo. Njoo ukae hapa."

Virgil akaja mpaka mwisho wa safu, akaliona blanketi, akaiona nafasi ya tatu, akavua kofia.

"Aa, shemeji. Hiyo si ya Delmar?"

"Niulize," alisema Lavonne. "Niulize kama pana mtu."

"Sina haja ya kuuliza, shemeji. Naelewa." Machozi yalimlengalenga. "Umefanya vizuri kumwekea. Sote tunamkumbuka. Mimi nitasimama, mgongo wangu haupendi kukaa."

"Virgil, nakuomba."

"Hata kidogo. Siwezi kukalia nafasi ya marehemu." Akaigusa safu kwa heshima, akashuka zake, na kule chini akamwambia mtu mwingine, na yule akamwambia mwingine, na Lavonne akaona watu wakigeuka mmojammoja kumtazama kwa huruma, wakiinamisha vichwa. Kuanzia hapo hapakuwa na mtu wa kaunti nzima ambaye angeuliza.

"Unaona?" ilisema sauti sikioni. "Wanakupenda."

Mwanamke asiye wa huku, amebeba mtoto mchanga kifuani, alipita akiwa amelowa jasho. Lavonne akamwonyesha nafasi. Yule mama akaitazama, akatikisa kichwa, akasema asante sana lakini hapendi kusumbua watu, na kabla Lavonne hajavuta pumzi ya kumbembeleza alikuwa ameshapita.

Wale wa kantri wakainama, wakaondoka, na jukwaani wakaingia wazee wa roki wenye nywele ndefu za mvi, na spika zikatoa mngurumo uliotikisa mabenchi. Watu wote wakasimama. Lavonne peke yake akabaki ameketi, amezungukwa na ukuta wa migongo na suruali za jinzi, haoni jukwaa wala anga ila kipande kidogo cha wekundu wa jua lililoanza kushuka, na kila ngoma kubwa ilipopigwa punje zilipanda, ngoma moja punje kiunoni, ngoma nyingine punje tumboni, naye akawa anavuta pumzi fupi fupi kwa sababu kila alipoitoa punje ziliteremka na kuichukua ile nafasi ambayo pumzi ilikuwa imeiacha, na hazikumrudishia, na harufu ya ukungu ikamwingia kooni, na yule aliyekaa kushoto akamwegemea kwa upole, bega kwa bega, kama mume na mke waliokuja kusikiliza muziki, akawa anaimba kwa sauti ya chini wimbo uleule uliokuwa unaimbwa jukwaani, bila kukosea hata neno moja.

Wote waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba walimwona akiwa ametulia tu, mikono mapajani, kama mtu anayefurahia tamasha kwa namna yake. Nami nilikuwa safu nne nyuma yake na ningeapa hivyohivyo.

Punje zilikuwa kifuani Trudi aliporudi na bilauri mbili.

"Foleni ya leo kama ya mbinguni, na wanaohudumia ni wawili tu, tena mmoja ana..." Akaiona midomo ya mama yake, imekuwa rangi ya samawati. Bilauri zikaanguka. "Mama! Simama, twende kwa watu wa huduma ya kwanza. Ni joto. Simama."

Akamshika makwapa akavuta. Lavonne hakusogea hata kidole, na mvuto ule ukampandishia punje mpaka mabegani. Akatikisa kichwa. Trudi akapiga magoti kwenye maji ya ndimu yaliyomwagika, akaweka sikio mdomoni kwa mama yake, maana gitaa lilikuwa linalia na sauti ya Lavonne ilikuwa imebaki kama uzi.

"Niulize."

"Nikuulize nini, mama?"

"Kama pana mtu. Pale."

Trudi alitazama nafasi tupu. Uso wake ukakunjamana, kwa kuwa na yeye alikuwa binti wa Delmar na nusu mwaka alikuwa amengoja mama yake aseme neno moja ili walie pamoja.

"Mama, usinifanyie hivi hapa."

"Trudi. Niulize."

"Mwambie ndiyo," ilisema sauti upande wa kushoto, na sasa haikuwa kavu tena, ilikuwa inaogopa. "Sema ndiyo, na nitakaa kimya. Nitakuja na nyumbani. Utanisikia jikoni asubuhi."

Hilo ndilo lililomuuma zaidi kuliko punje. Kusikia viatu jikoni asubuhi! Ni kitu gani kingine alichokuwa amekiomba tangu Februari? Alimtazama mwanawe aliyepiga magoti, analia hadharani mbele ya kaunti nzima, jambo ambalo sisi hatulifanyi.

"Hapa pana mtu?" aliuliza Trudi.

Punje zikafika kidevuni. Vumbi likajaa kinywani, na Lavonne akalitema, akalitema tena.

"Hapana mtu," alisema. "Baba yako amekufa. Amekufa, Trudi. Hapa hapana mtu."

Wimbo ulikuwa haujaisha. Benchi la kushoto likainuka kwa mlio, blanketi likanyooka, na joto lote la mchana likarudi mara moja kwenye alumini. Punje zikamwachia mabega, kifua, kiuno, magoti. Akavuta pumzi ndefu iliyomtoa machozi, na Trudi akamkumbatia akamkandamiza, wakalia wote wawili kati ya miguu ya watu waliokuwa wanaruka na kupiga makofi. Kisha Trudi akang'oa selotepu, akalikunja blanketi, akamwinua mama yake. Miguu ilikubali. Samahani, samahani, walijipenyeza mpaka kwenye ngazi.

Walikuwa wamefika ngazi ya tatu wakati sauti ilipotoka nyuma, kutoka kwenye nafasi iliyo wazi. Safari hii haikuwa na pumba wala vumbi. Ilikuwa ya mtu aliyeshangaa na kuumia.

"Kifaranga, mbona unanifukuza?"

Lavonne akasimama. Kifaranga lilikuwa jina la chumbani. Delmar alimpa mwaka wao wa kwanza, taa ikiwa imezimwa, na halikuwahi kutoka nje ya mlango ule. Trudi halijui, nami nililijua aliponisimulia. Nilimwambia majini husikia mengi, hata ya chumbani. Akaniuliza, je, kama hakuwa jini?

"Mama, twende," alisema Trudi.

Hakuna kitu kilichokuwa kimemshika sasa. Ngazi zilikuwa wazi mpaka getini, na miguu yake ilikuwa nyepesi. Lavonne alisimama palepale, akiitazama nafasi ile tupu, ameukamata ukingo wa chuma kwa mikono miwili, mpaka watu wote walipokwisha kutoka.