Chapchap na Soksi Mbichi

Jina la Chapchap alipewa na kocha wake wa kuogelea, likamkaa. Binti huyo hakujua kutulia. Hata chai aliinywa amesimama. Alizaliwa mguu wake wa kushoto ukiishia chini kidogo ya goti, akakua akitembelea mguu bandia. Bwawani aliuvua, na humo kumkamata ilikuwa kazi.

Zilibaki wiki tatu kufika mashindano ya kuchagua timu. Chapchap aliogelea asubuhi na jioni. Akitoka majini alijipangusa juu juu, akavaa soksi ya kufunika ncha ya mguu, kisha mguu bandia, hapo hapo ukingoni, akaondoka. Hakutaka watu wamwone akirukaruka kwa mguu mmoja.

Siku moja mama yake, fundi cherehani, aliokota soksi ya mguu bandia chini ya kitanda. Ilikuwa mbichi, inanuka, na ina doa la damu.

"Hii damu ya nini?"

"Mchubuko tu, mama. Utapona wenyewe."

"Umeutazama?"

Siku nne Chapchap hakuwa ameutazama. Aliogopa.

Mama alimwita jirani yao, fundi wa miguu bandia hospitalini. Fundi alikagua ngozi, akaitazama soksi, akaguna.

"Mwanangu, unavaa mguu ngozi ikiwa na maji. Ngozi mbichi ikisuguliwa huchubuka. Ukiifungia humo pamoja na joto na jasho, inakuwa kidonda. Kesho nenda kliniki. Mguu bandia usivae, bwawani usiingie, mpaka kidonda kifunge."

"Na mashindano?"

"Ukiendelea hivi, utayatazama kwenye benchi."

Chapchap alilia. Fundi alimwacha alie, kisha akamuuliza, "Kwa nini hujikaushi kwanza?"

"Watu wataniona na mguu mmoja."

"Ukiogelea wanakuona na mingapi?"

"Mmoja."

"Na wanakushangilia. Kumbe aibu yako inaishi ukingoni tu, majini haipo."

Chapchap akacheka, kamasi zikimtoka.

Siku kumi na mbili zilimtesa. Alizunguka nyumba kwa magongo mpaka mama akamwambia atatoboa sakafu. Lakini kila jioni aliosha soksi kwa sabuni, akaianika. Aliosha ncha ya mguu, akaikausha vizuri, akakagua upande wa nyuma kwa kioo kidogo. Kidonda kikafunga, na nesi wa kliniki akamruhusu kurudi majini na kuvaa mguu bandia.

Siku ya mashindano alikwenda ukingoni kwa magongo, mguu bandia ukiwa ndani ya mkoba mgongoni, mbele ya watu wote. Filimbi ikalia, akajitupa majini. Aligusa ukuta akiwa wa pili, na kila shindano liliingiza wawili kwenye timu.

Kocha akaja anahema. "Chapchap, vaa mguu upesi. Picha ya timu inapigwa sasa hivi."

Chapchap alikuwa ameketi, taulo mkononi, anajikausha taratibu.

"Nisubirini," akasema. "Bado haujakauka."

Timu nzima ikasimama, ikamsubiri Chapchap.