Maji ya Vuguvugu Mwezi wa Saba

Seif alibakiza fremu moja tu, ya mlangoni. Siku tatu alikuwa Midrand akilizungushia bwawa la kuogelea la mwenye nyumba, Papa Théodore, banda la wavu, juu mpaka chini, matundu madogo hata sisimizi apite kwa kuomba radhi. Eti mbu! Mbu gani Joburg mwezi wa saba, mwaka ule wa 2017, na baridi ya kukata masikio? Lakini Seif, mtu wa Tanga, hakuwa na tabia ya kuhoji kazi ya mtu. Papa alitaka komeo likae nje, akaliweka nje.

Jua likazama. Miaka minane Johannesburg, sala haijawahi kumpita, na ndicho kitu pekee alichojivunia duniani. Akafungua bomba la bustani. Kavu. Mtaa mzima maji yalikatwa tangu mchana.

Akatazama bwawa.

Akachuchumaa ukingoni, akatia mikono. Ajabu, maji yalikuwa ya vuguvugu! Kwa baridi ile, akashukuru. Akasukutua mara tatu, na mara ya tatu funda likamponyoka, likateremka kooni. Zito. Na utamu fulani... kama uji uliolala.

Ndipo harufu ikamfika. Dawa ya bwawa hainuki hivyo. Ilikuwa harufu ya kidonda kilichofungwa kitambaa wiki nzima.

Akainua macho. Nzi walikuwa wametanda nje ya wavu, weusi, kimya, wote wameelekea ndani. Mlango ulikuwa wazi, ila hakuna hata mmoja aliyeingia.

Kitu kikamgusa ulimi.

Akakishika kwa vidole. Unywele mweupe. Akavuta... ukaja. Akavuta... ukaja, na mwishoni umeng'ang'aniwa na kipande cha ngozi laini. Ptuu!

"Kaka Seif..." Agnès, mtumishi wa nyumba, Mkongo wa Bukavu, alisimama mlangoni, pua kaiziba kwa kitenge. "Uniambie haukukunywa."

"Nimetawadha."

"Na mu kinywa?"

Seif akaitikia kwa kichwa.

"Yesu wangu!" akanong'ona. "Ni mule Papa anamuogeshaka mama yake. Kila magharibi."

"Mama yake yuko wapi?"

"Tulimuzika mwezi wa tano. Juma lililopita alitoka mu maji, akafika mpaka jikoni. Ndiyo maana ya huo wavu."

Nyuma ya Seif, maji yakasema... chubwi.

Hakugeuka. Aliacha drili, akaacha ngazi, akaacha fremu ya mlango imelala kwenye nyasi. Alikimbia na Agnès hadi barabarani, na wala hakuna aliyerudi kuifunga.

Siku hizi anaishi mtaa wa Joubert Park, katikati ya Joburg. Kila akisukutua, unywele mweupe unakuja na maji, na wenzake msikitini wameshaanza kumkalia mbali kwa ile harufu ya pumzi yake. Basi anatayamamu kwa vumbi, bomba likitiririka pembeni. Anajua haifai, maji yapo.

Kinachomuuma kuliko vyote ni kwamba jioni ile udongo mkavu ulikuwa tele uani kwa Papa, hatua mbili tu. Angeweza kutayamamu palepale, na ingefaa. Ila yale maji yalikuwa ya vuguvugu.

Na akisujudu sasa, kitu kinamkuna kooni. Kinapanda taratibu, kinatafuta mlango.