Yanayoonekana Mezani

Kila siku baada ya masomo, kabla hata ya kuvua sare, msichana mmoja alipitia kwanza dukani kwa mama yake. Lilikuwa duka jembamba la kutengeneza simu, lenye meza moja, benchi moja la wateja na taa iliyoning'inia kwa waya. Kazi zake alizijua. Alipitisha sumaku sakafuni kuokota skrubu zilizodondoka, akazipanga kwenye vizibo vya chupa, kisha akashika tochi ikiwa mama ana simu iliyofunguliwa tumbo.

Mji mzima ulimwita mama yake Fundi. Pembeni mwa meza ya Fundi palikuwa na sinia la bati, na humo simu za wateja zililazwa kifudifudi. Hiyo ilikuwa amri ya duka.

"Simu ya mtu ni chumba chake cha kulala," Fundi alizoea kusema. "Ukiitwa kuziba paa, ziba paa. Usichungulie kitanda. Yanayoonekana mezani hufia mezani."

Msichana mwenyewe alikuwa na jina zuri tu la daftarini, lakini wiki hiyo lilikuwa limekufa na kuzikwa. Shuleni aliitwa Kiraka. Nasi tumwite hivyohivyo, ingawa angetusikia angetununia hadi kesho.

Jina hilo alipewa na Bingwa. Bingwa alikuwa mvulana wa darasa lake, mrefu, mwenye sauti ya kengele na maneno yasiyokauka. Alikuwa hajawahi kushindwa katika mdahalo, na kwa bahati mbaya alilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Mwalimu wa mdahalo alikuwa ametoa hoja ya muhula: "Mfumo wa aifoni ni bora kuliko mfumo wa Androidi." Bingwa aliongoza upande wa kutetea, msichana wetu akaongoza upande wa kupinga. Siku ya maandalizi waliruhusiwa kuja na simu, naye akaja na yake.

Simu hiyo aliundiwa na mama yake kutoka katika simu tatu zilizokufa. Kioo kilitoka kwenye moja, betri kwenye nyingine, na mgongo wa bluu kwenye ya tatu. Aliipenda kupita kiasi. Bingwa aliinyakua, akaiinua juu.

"Jamani, njooni muone! Hii ni simu au kiraka?"

Darasa lilicheka hadi wengine wakashika mbavu. Kufikia saa ya kwenda nyumbani, hata watoto wa darasa la pili pale bombani walikuwa wakimwita, "Kiraka! Kiraka, nipishe nichote maji!"

Hakulia. Afadhali angelia, maana machozi hukauka. Yeye aliimeza hasira yake nzimanzima ikamkaa kifuani. Alipokula aliitafuna pamoja na chakula, na alipopiga mswaki alimwona Bingwa kwenye kioo, akamtemea povu. Dawa ya moto ni moto, alijiambia. Alichokosa ni kiberiti tu.

Kiberiti kikaja Jumatano, tena kililetwa na mama yake Bingwa mwenyewe.

Mama Bingwa alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni. Aliingia akatoa mkobani simu iliyofungwa kwa kitambaa, yenye alama ya tunda lililomegwa mgongoni.

"Fundi mwenzangu, aifoni yangu haitoi sauti," alisema. "Wateja wakinipigia nasikia mikwaruzo tu. Na mtoto anaihitaji Ijumaa, ana mdahalo. Hadi usingizini anaitaja."

Fundi aliigeuza mara mbili. Akaifungua mgongo, akachungulia ndani. Akaufunga, akaizima simu, halafu akaiwasha huku amebonyeza kitufe cha sauti. Kiraka alikuwa ameshika tochi, na hapo aliyaona waziwazi: maandishi madogo juu ya kioo cheusi, yakisema kwamba simu ile ilikuwa Androidi. Aifoni ilikuwa ganda tu. Ndani ilikuwa Androidi ya bei ya chini iliyovalishwa koti la wakubwa.

Moyo wake ulirukaruka kwa furaha mbaya. Nimekupata, Bingwa, nimekupata kweli!

Fundi alimchukua Mama Bingwa nje, wakanong'ona kwa muda mrefu. Mama wa watu aliporudi ndani, uso wake ulikuwa umesawajika. Fundi alibadilisha spika, akamkabidhi simu, kisha akamgeukia binti yake.

"Ulichokiona umekiona. Kinafia wapi?"

"Mezani, mama."

Alijibu hivyo huku kichwani akiwa tayari ameshasimama jukwaani.

Siku mbili zile alizitumia vizuri. Hoja zake halisi, ambazo alizitafuta kwa jasho, alizifungia daftarini. Badala yake alifanya mazoezi ya jambo moja tu mbele ya kioo: namna ya kutabasamu kwa upole kabla ya kumchinja mtu.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Walimu walikaa mbele, wazazi kadhaa nyuma, na wanafunzi waliokosa viti walining'inia madirishani. Bingwa alifungua. Alisema aifoni hupata masasisho ya programu kwa miaka mingi, hailali mlango wazi kwa wezi wa data, na kila kitu ndani yake kimepangwa mahali pake. Alisema vizuri, tusimnyime haki yake. Mwisho akainua simu ya mama yake juu.

"Mwenyekiti, ushahidi ni huu hapa. Chombo hiki hakijawahi kutusumbua. Kuna watu hapa wanaotembea na viraka mfukoni, hao nawaachia Androidi yao!"

Makofi na vicheko vilipokwisha, Kiraka alisimama. Hakufungua daftari.

"Mwenyekiti, nina ombi dogo. Mwenzangu aizime simu yake, kisha aiwashe mbele yetu huku amebonyeza kitufe cha sauti."

Bingwa alitabasamu, akafanya hivyo kwa madaha. Mwalimu wa mdahalo akasogea kutazama. Kioo kikawaka, naye mwalimu akasoma kwa sauti kabla hajafikiri. "Androidi."

"Mnaona?" Kiraka alisema, na tabasamu lake lilitoka vilevile kama alivyolifanyia mazoezi. "Msemaji wao ameisifu aifoni huku amebeba Androidi! Kama hata Bingwa wao anatumia mfumo wetu, tubishane nini zaidi? Simu yangu ni kiraka, lakini haijadanganya mtu. Yake ni feki!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, madirishani wakaanza kuimba, "Feki! Feki!" Bingwa hakumtazama Kiraka. Aliitazama simu mkononi mwake, akaigeuza upande wa tunda, akaigeuza tena, midomo ikimcheza. Kiraka aliuonja ushindi ule, nao ulikuwa mtamu. Tusidanganyane, ulikuwa mtamu sana.

"Lakini ulijuaje?" mwalimu aliuliza.

Kichwa kilikuwa kimemvimba, na kinywa kikamtangulia. "Niliiona mezani kwa mama, ilipoletwa kutengenezwa!"

Wazazi waliokaa nyuma wakatazamana. Kiraka hakuwaona. Alikwenda nyumbani akiruka madimbwi.

Kesho yake asubuhi aliwahi dukani. Mteja wa kwanza alikuwa muuguzi wa zahanati. Hakuleta simu, bali alikuja kuichukua yake.

"Bado sijaimaliza," Fundi alisema.

"Si neno. Nitaileta siku nyingine."

Baada yake akaja dereva wa lori, naye akaichukua yake bila maelezo. Kisha bibi mmoja jirani, ambaye hakuwa na haya ya kusema.

"Fundi, nakuheshimu. Lakini simu yangu ina mambo yangu. Sitaki siku moja nisikie yanasomwa jukwaani na watoto wa shule."

Fundi hakuelewa. Akamtazama binti yake, naye akatazama chini kwenye vizibo. Hapo Fundi akaelewa.

Wa mwisho kuingia alikuwa Mama Bingwa. Kiraka alijiandaa kwa makelele, na makelele angeyaweza. Lakini yule mama aliketi tu benchini, mikono mapajani.

"Nimetoka stendi," alisema. "Yule aliyeniuzia simu, muuza aifoni pekee hapa mjini, hayupo. Meza yake imeondolewa. Jirani yake anasema jana jioni wanafunzi walipita wakimcheka, 'Huyu ndiye anayeuza aifoni feki!' Usiku huohuo akafungasha."

"Na leo ndiyo siku aliyoniahidi," Fundi alisema taratibu. "Nilimwendea mwenyewe Alhamisi. Alikubali kukubadilishia, mradi tusimpigie kelele."

"Ndiyo hivyo. Vipimo vya wateja wangu vyote nimevipiga picha humo, na sauti imekata tena leo." Akajifuta uso kwa ncha ya futi. "Mtoto alikuwa hajui, dada. Nilimficha ili mdahalo upite kwanza. Tangu jana hajatia kitu mdomoni."

Alipoondoka, Fundi alilichukua sinia, akaliweka mbele ya binti yake. Lilikuwa tupu.

"Yeye ndiye aliyeanza!" Kiraka alifoka, na machozi aliyoyazuia wiki nzima yakaporomoka yote kwa pamoja. "Aliniita Kiraka mbele ya watu! Shule nzima, mama! Dawa ya moto si moto?"

"Bingwa alikuita Kiraka. Alikosea, na ningekwenda shuleni kulisema hilo," Fundi alijibu. "Na mama yake, alikuita nani?"

Kiraka aliligeuza sinia tupu mikononi.

"Ulirusha ngumi kwa Bingwa, ikampata mama yake, ikarudi ikanipata mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi na wewe tumo kisimani sasa. Niambie, tunatokaje?"

Kiraka alikaa hadi machozi yakaisha. Bado alikuwa na hasira na Bingwa. Ila kila alipotaka kuikumbatia hasira ile, alimwona yule mama akijifuta uso kwa futi.

Jumatatu, wanafunzi wakiwa mstarini, aliomba ruhusa ya kusema.

"Ijumaa sikushinda kwa hoja. Nilishinda kwa siri ya mteja wa mama yangu, na mama alikuwa amenikataza. Yeye hakusema kitu. Kosa ni langu. Na Bingwa hakujua, hakudanganya mtu."

Wapo waliozomea. Bingwa, aliyesimama mstari wa nyuma, hakucheka wala hakumtazama.

Jioni hiyo Kiraka alianza kazi ya kumuundia Mama Bingwa simu. Kwenye boksi la simu mbovu alitafuta kifaa kimoja kimoja: ubao wa ndani unaowaka, betri isiyovimba, spika yenye sauti safi, mgongo mwekundu. Mama alimwelekeza na yeye akafunga skrubu. Wiki mbili zilipita hivyo. Kilichobaki ni kioo, na kioo kilichofaa hakikupatikana boksini wala kwa mafundi wengine. Kilikuwa kimoja tu, kwenye simu yake mwenyewe yenye mgongo wa bluu.

Alikipangusa kioo chake kwa kidole gumba. Kisha akachukua bisibisi. Fundi aliona. Alimsogezea taa tu.

Mama Bingwa alikuja kuichukua akiwa na mwanawe. Picha za vipimo zilikuwa zimehamishwa zote. Bingwa aliipokea simu, nyeusi mbele na nyekundu nyuma. Kiraka alikaza meno. Akicheka tu, alijiambia, akicheka tu!

"Ina rangi mbili," Bingwa alisema, na kabla hajaendelea mama yake alimshika bega.

"Nimesikia jina ulilompa mwenzio. Jana ulivaa suruali gani?"

"Ile ya kaki, mama."

"Goti lake nililifanyaje?"

Bingwa aliinamisha kichwa. "Ulilitia kiraka."

"Nyumbani kwetu tunakula kwa viraka, mwanangu. Nguo isiyo na mtu wa kuijali haitiwi kiraka, hutupwa. Halafu wewe jina hilo ukalifanya tusi?"

Bingwa alimgeukia Kiraka, sauti yake ya kengele imegeuka mnong'ono. "Nisamehe. Nilikuwa naogopa hoja zako, ndiyo maana nikakucheka."

"Na wewe nisamehe," Kiraka alisema. Ilimtoka kwa shida, lakini ilitoka. "Hoja zenyewe bado ninazo daftarini."

"Mwalimu anasema turudie mdahalo. Safari hii mimi ndiye nitakayeitetea Androidi."

"Basi utashindwa. Aifoni nitaitetea mimi."

Wakaanza kubishana palepale kuhusu betri na masasisho, hadi Mama Bingwa akaziba masikio.

Wakati huo yule bibi jirani alichungulia mlangoni. Alimtazama Fundi, akalitazama sinia, kisha akatoa simu yake kifuani. Hakumpa Fundi. Alimpa Kiraka.

"Inazimika ovyo," alisema. "Nasikia ulisema ukweli mbele ya shule nzima. Haya, tuone."

Kiraka aliipokea kwa mikono miwili, akailaza kifudifudi kwenye sinia.

Wageni wote walipokwenda zao, Fundi alimwita binti yake. "Kisasi kinaonjeka vizuri siku moja, mwanangu, na gharama yake huwaangukia wasiohusika. Mtu akikudhulumu, sema, dai haki yako, wala usikae kimya. Ila usimlipe kwa amana ya mtu mwingine. Ukiipoteza amana, hakuna bisibisi ya kuirudisha. Hurudishwa na siku, moja baada ya nyingine."

Kisha akampa tochi, wakaanza kuifungua simu ya bibi.