Arudi ao Abaki

Esha binti Radjabu alimwaga pipa zima la mawese ya baba yake kwa ajili ya mwanaume ambaye hakumjua hata jina, na soko la Rumonge likasema mtoto wa watu amerogwa. Hakurogwa. Alikasirika tu, na Esha akikasirika, bwana, heri ukae mbali.

Ulikuwa mwaka wa sabini na moja, asubuhi ya soko, watu wamejaa mpaka kwenye maji ya ziwa. Kijana mmoja mrefu, shati jeupe la mikono mirefu, alikuwa anapita na sanduku la chuma kichwani. Mtu akauliza amebeba nini. Mwingine akajibu kwamba ni bunduki za waasi wa Kongo, eti kwa sababu amemsikia kijana akisema na lafudhi yake ni ya Kivu. Basi, ikatosha. Ngumi ya kwanza ilimpata sikioni, ya pili mdomoni, sanduku likaanguka, na mvuvi mmoja akamkalia mgongoni akimpiga kwa kasia. Damu ilichuruzika mpaka kwenye kola. Wanawake walisogeza beseni zao za ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, zisichafuke, wakaendelea kutazama.

Esha, kitenge cha kijani kiunoni na mtandio umemteremkia mabegani, aliwaambia waache. Hawakuacha. Akaweka mguu kwenye pipa, akalisukuma. Mawese yakatiririka mekundu chini ya miguu ya wale wanaume, wakaanza kuteleza, huyu juu ya yule, na mwenye kasia akaangukia meno yake mwenyewe. Esha akamshika kijana mkono, akamburuta pamoja na sanduku lake hadi nyuma ya vibanda.

Aliitwa Mushagalusa. Akaeleza kwamba sandukuni mna mashine ya kuonyesha picha, wala hajawahi kushika bunduki maishani mwake. Shati lilikuwa limelowa mawese toka begani hadi kiunoni.

"Umeharibisha shati yangu," alisema, akitema damu.

"Nimeokoa kichwa yako."

"Kichwa kitapona. Mawese haitoki."

Esha akacheka, na hapo ndipo alipopatikana. Jioni mzee Radjabu alimchapa mkanda kwa ajili ya lile pipa, binti mkubwa vile, naye wala hakulia. Alikuwa anawaza jinsi yule Mkongo alivyotabasamu na mdomo uliopasuka.

Mushagalusa alionyesha picha kila Jumamosi alasiri katika ghala la pamba lililojengwa mwaka wa uhuru, madirisha yamezibwa kwa magunia ili pawe na giza. Alikuwa na filamu moja tu, aliyoachiwa na Mgiriki mmoja wa Bujumbura aliyefunga duka lake. Haikuwa picha ya watu. Ilikuwa ya kuchorwa kwa mkono, ya zamani, imetoka Japani, na lugha yake hakuna aliyeijua, hata mwenyewe mwenye mashine. Kwa hiyo alisimama na fimbo yake kando ya shuka nyeupe iliyotundikwa kupokea picha, akawasemea wote kwa Kiswahili: msichana, mbweha, mfalme mwenye macho matatu. Aliyoyasema aliyatunga, na watu waliyaamini.

Msichana alitumbukia kisimani akatokea nchi nyingine, ambako mwezi ni mwekundu, watu wana masikio ya mbweha, na hakuna amjuaye. Walitaka kumuua. Akajifunza upanga, akakata vichwa, vichwa vikabiringika, na ghala zima likapiga kelele kwa raha. Mwishowe alifika tena kwenye kile kisima, akaweka mguu mmoja juu ya jiwe. Hapo filamu ilikatika, maana kipande cha mwisho kiliungua zamani. Shuka ikabaki nyeupe. Ndipo Mushagalusa alipogeuka na kuwauliza watu: "Arudi ao abaki?"

Lo, walivyogombana. Siku moja mpagazi alimvunja mwenzake jino kwa ajili ya msichana wa wino. Mushagalusa aliwaacha wachoke, kisha akatoa hukumu, na hukumu yake haikubadilika: amebaki.

Esha hilo hakulikubali. Walipotembea chini ya michikichi ya Kigwena, yeye akiwa mbele ili wapita njia wasiseme, alimrudia na neno hilohilo. Mutoto wa watu ana kwao, alisema, na mama yake iko anamungoja.

"Nani alikuambia iko na mama?" Mushagalusa akamuuliza.

"Kila mutu iko na mama, mupenzi."

"Mimi sina. Nyumba yetu waliichoma na watu wetu wote ndani. Nilivuka ziwa na nguo ya mwilini. Nirudi wapi?"

Siku ile Esha hakujali wapita njia, akamshika mkono. Tangu hapo Mushagalusa alimwita Mwaga-Mawese, na Esha akitaka kumuudhi alimwita Bwana Kubaki. Walipendana kwa ugomvi, kama wengi wanaopendana kweli.

Shida ilikuwa mzee Radjabu. Alisema Mkristo, tena mkimbizi, tena mtu wa picha, haingii kwake. Baadaye moyo ukalegea kidogo, akasema kijana akiwa tayari kutoa shahada na aje na wazee wake kuposa, atamsikiliza. Wazee gani? Mushagalusa hakuwa na mzee hata mmoja upande huu wa ziwa. Aliomba muda afikiri, akafikiri, akaendelea kufikiri, mpaka Esha akachoka. Kuuliza mara ya pili hakutaka, ana kiburi cha ukoo mzima yule. Akamwambia hivi:

"Jumamosi, mbele ya watu wote, ukisema amerudi, nitajua unakuja kwetu. Ukisema amebaki, usinitafute tena."

Mushagalusa alicheka. Kisha akaona Esha hacheki, akasema sawa.

Jumamosi yenyewe ilikuwa mwishoni mwa Aprili, sabini na mbili. Esha alijipaka hina, akavaa kitenge kipya cha rangi ya chungwa, akakaa upande wa wanawake karibu na mlango mdogo unaotokea ziwani. Vichwa vikakatwa, watu wakashangilia, msichana akaweka mguu juu ya jiwe, shuka ikawa nyeupe. Mushagalusa akauliza. Watu wakapiga kelele. Esha alimwona akigeuka kuwajibu, akimtafuta yeye kwa macho na kutabasamu. Kisha akatazama ufa wa mlango mkubwa wa barabarani. Tabasamu likafutika.

"Amebaki," alisema. "Wote wanabaki. Kaeni chini, musitoke."

Esha hakungoja neno la pili. Alisikia amebaki, ikamtosha, akafungua mlango mdogo akatoka na machozi ya hasira. Alikuwa amefika kwenye matete ya ufukweni aliposikia mlango mkubwa ukipigwa kwa mapanga.

Walikuwa wametoka upande wa michikichi, wanaume wengi walioasi serikali, wengine sura zao alizijua sokoni. Akiwa amelala kwenye tope aliona karani wa posta akikatwa magoti kwanza, ndipo shingo. Aliona mama akikimbia na mtoto mgongoni, panga likamshukia mama na mtoto kwa pamoja. Kisha paa la ghala likashika moto, na mayowe yaliyotoka mule, Esha aliyasikia mpaka yalipokwisha. Alijiuma mkono asilie kwa sauti. Alikuwa anamchukia Mushagalusa na anamwombea kwa pumzi moja.

Baada ya hao wakaja askari. Watu wakadhani wameokoka. Askari nao waliua, nao walichagua watu wao wa kuua, na waliua wengi zaidi, wakawapakia wanaume kwenye malori ambayo yalirudi matupu. Radjabu alimpata bintiye, wakajificha kwenye matete mpaka mzee akapata mtumbwi. Walikuwa wamekwisha kuusukuma majini pale risasi zilipoanza kutoka ufukweni. Moja ilimpata mzee mgongoni. Aliendelea kupiga kasia mpaka Rumonge ikawa moshi tu nyuma yao, ndipo akajilaza.

Esha alifunga jeraha kwa kile kitenge cha chungwa. Damu ilipita kana kwamba hakufunga kitu.

"Mwanangu," Radjabu alisema, "yule kijana alikuja."

"Kijana gani, Baba?"

"Wako. Jumamosi asubuhi. Alikuja peke yake, akasema mzee wake ni Mungu. Nilimukubalia. Akaniomba nisikuambie, anataka usikie kule kwenye picha."

Akafa kabla ya kuona Kigoma. Esha alimteremsha majini mwenyewe, akasoma dua alizozikumbuka. Kisha akashika kasia. Sasa alijua kwa nini Mushagalusa alisema amebaki: aliona mapanga kwenye ufa, akataka watu wasitoke, na alijua ghala lile liliungua na watu ndani. Alilia kwa sauti ziwa zima, hakuna wa kumsikia.

Kigoma ilikuwa nchi ya mbweha. Watu walikuwa wema, hilo tusiwadhulumu, lakini walimcheka kila aliposema iko, wakamuuliza kabila lake, wakamwita mkimbizi kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake. Aliuza samaki wa watu wengine. Hakuna aliyejua kwamba baba yake alikuwa na pipa la mawese, wala kwamba siku moja aliangusha nusu ya soko kwa mguu mmoja.

Kiangazi kikapita. Asubuhi moja alikuwa anapara samaki karibu na kituo cha garimoshi, akaona wakimbizi wamekusanyika, wamekaa chini, kimya. Mtu alikuwa anawasimulia bila shuka wala mashine, akichora hewani kwa mkono mmoja. Mkono mwingine uliishia kwenye kiwiko. Shati lake lilikuwa na doa la rangi ya machungwa toka begani hadi kiunoni.

"Msichana akaweka mguu juu ya jiwe," alikuwa anasema. "Arudi ao abaki?"

Arudi, wakasema wengi, na baadhi walikuwa wanalia. Esha alisimama na kisu mkononi na magamba mpaka usoni.

"Hawezi kurudi," alisema. "Kisima kimejaa watu wetu."

Mushagalusa aligeuka. Akawaruka waliokaa mpaka mbele yake. Alisema kwamba aliuzuia mlango mpaka wakamkata mkono, kwamba watu wachache walitoboa ukuta wakamvuta nje, na wengi hawakutoka. Alisema kila kambi ameulizia binti Radjabu.

"Baba yako iko wapi?"

"Majini."

Akakaa chini pale pale vumbini. "Nilimupa neno langu. Sasa nitaposa kwa nani?"

"Kwangu," Esha akasema. "Ukoo uliobaki ni mimi."

Akapiga magoti mbele yake, akagusa lile doa kifuani kwa vidole vinavyonuka samaki. Ni kweli, halikuwa limetoka. Mushagalusa akamwekea kichwa begani, na mwanaume mzima akalia kama mtoto.

Mzee mmoja katika wale waliokaa akavumilia, akavumilia, mwishowe akakohoa. Akasema wamsamehe, lakini hadithi haijaisha, msichana bado yuko juu ya jiwe.

"Amebaki," Esha akawaambia. "Haya, nendeni. Huyu bwana ana posa ya kuleta."