Ukuta wa Kijani

Mwili wa Bibi Stanka ulilala kando ya reli. Mkanda wa mkoba wake wa buluu ulikuwa bado umebanwa mlangoni mwa tramu mpya, na theluji ilishaanza kumfunika miguu. Dereva, Zhivko, alikuwa ametiwa pingu.

"Taa iliwaka kijani, afande! Mlango ulisema umefungwa, hakuna kitu. Ningefanyaje?"

Inspekta Bozhkov alimwamini, na jambo hilo lilimkera, maana mwendesha mashtaka alitaka kumfikisha Zhivko kortini kesho yake.

Akaenda moja kwa moja kwa waliotengeneza programu ya milango. Ukutani palikuwa na skrini kubwa, kijani tupu.

"Kila kijani ni sharti la mfumo lililojaribiwa likafaulu," alieleza mkuu wao, Ognyan. "Lisilofaulu huwa jekundu, na mwenye jekundu hutununulia banitsa, vile vitafunio vya jibini, kila asubuhi. Ndiyo adhabu yetu."

"Nani amewalisha zaidi?"

Wakaangua kicheko. "Mama Banitsa yule pale! Tangu aache tumekonda, afande."

Zornitsa, mhandisi aliyeketi dirishani, hakucheka. Bozhkov akavuta kiti karibu naye.

"Sharti lako jekundu lilisemaje?"

"Mlango uhisi hata kitu chembamba."

"Kama nini?"

"Kama mkanda wa mkoba."

"Jaribio lilifaulu lini?"

"Halikufaulu."

"Mbona ukuta wote ni kijani?"

Ognyan aliacha kutabasamu. Zornitsa akafunika uso.

"Nililifuta. Sharti likifutwa, ukuta haudai jaribio. Nilichoka, afande! Kila asubuhi foleni ya banitsa, kila asubuhi kuchekwa kama mjinga. Nikasema nitalirudisha uzinduzi wa tramu ukipita."

"Na ninyi hamkuuliza limekwenda wapi?"

Siku ile ukuta ulipogeuka kijani, wote walikuwa wamepiga makofi.

Bozhkov alipiga simu Zhivko aachiwe. Hata hivyo hakuona raha yoyote.

"Sharti lile alikupa nani?" alimuuliza Zornitsa wakishuka ngazi.

"Nililiandika mwenyewe. Nilipanda tramu msimu mzima wa baridi nikiwaangalia wazee wanavyoshuka. Kuna bibi mmoja alinaswa mlangoni, nikamchomoa. Akaniita mwanangu." Akasimama ghafla. "Mkoba wake ulikuwa wa buluu. Huyu wa leo alikuwa na mkoba wa rangi gani, afande?"

Bozhkov alimshika kiwiko, wakashuka ngazi zilizobaki.