Unga wa Muthiga na Mguu wa Njagi

Kwetu ni juu kidogo ya Runyenjes, mahali kahawa inapopakana na majani chai. Asubuhi kila mtu ana kazi yake. Alice, mke wa mwanangu Mutugi, hukamua ng'ombe. Mimi huwasha moto na kuteleka chai. Mume wangu Njagi hupanda ngazi na kutandaza magome juu ya mabati ya zizi.

Magome hayo ni ya muthiga. Muthiga ni mti wa msituni. Gome lake ni kali kama pilipili. Ukilitafuna kidogo tu, ulimi unawaka na pua inafunguka. Tangu zamani watu wa huku Embu, na wenzetu wa Meru, hulitafuna wakiwa na kikohozi au jino linaloumwa. Wengine hulitia kwenye supu ya mifupa. Muthiga mmoja umesimama mpakani mwa shamba letu, na Njagi anaupenda sana.

Njagi si mganga. Yeye ni mkulima wa kahawa. Lakini jirani akikohoa, huja kwetu, na Njagi humpimia unga wa muthiga kutoka kwenye mkebe wake. Hataki kulipwa. Anachotaka ni kuambiwa tu, "Mzee, dawa yako ni kali." Akiambiwa hivyo, siku hiyo anakula vizuri.

Jumatatu moja alikuwa akichimba mashimo ya kupanda miche ya kahawa. Jembe likagonga jiwe, likateleza, likamkata kwenye muundi wa mguu. Kidonda kilikuwa na urefu wa vidole viwili. Nikakimbia na maji.

"Maji ya nini?" Njagi akauliza. "Lete mkebe."

"Baba Mutugi, hata udongo haujatoka."

"Muthiga utautoa. Si unaua vijidudu? Hata Kanini alisema."

Akamwaga unga mpaka kidonda kikajaa. Akafunga na kipande cha shuka kuukuu, akarudi kuchimba.

Kanini ni binti wa jirani yetu. Anafanya kazi katika maabara moja huko Embu mjini, na anakaa mtaa wa Dallas. Kazi yao ni kupima miti ya msituni ili waone ina nguvu gani. Wiki mbili kabla ya jembe kuteleza, Kanini alikuja nyumbani akaomba muthiga wetu wa kupima, akisema huenda unaua vijidudu. Njagi alimpa gome lililotoka mtini siku hiyo. Akampa pia unga wa mkebe. Tangu hapo alikuwa akitembea kama mtu aliyechaguliwa kuwa chifu.

Jumatano mguu ulianza kuwasha. Alhamisi ulikuwa umevimba na kung'aa. Njagi akaongeza unga.

Alice alipomletea chai, aliuangalia mguu ule kwa muda mrefu.

"Baba, twende zahanati," akasema.

"Wewe ulisomea udaktari wapi? Kwa ng'ombe?"

"Ng'ombe akiwa na kidonda kama hicho, baba, ungekuwa umeshampigia daktari wa mifugo simu. Tena mara tatu."

Njagi akanywa chai yake. Mimi nilitamani kucheka, lakini nilikuwa na hofu. Nilipomgusa paji la uso, lilikuwa moto. Wekundu ulikuwa umepanda kutoka kwenye muundi ukikaribia goti. Nimeona miaka mingi. Najua mtu anaweza kupoteza mguu namna hiyo, na hata uhai.

Jumamosi Kanini akaja. Njagi akaweka blanketi juu ya mguu haraka, akakaa wima.

"Habari ya maabara?" akauliza. "Muthiga wangu umeshinda?"

"Guka, umeshinda na umeshindwa," Kanini akasema. Guka ni babu kwa lugha yetu. Akavuta kiti, akatoa simu. "Tazama picha hii. Hii ni sahani ndogo ya kioo. Tulipaka vijidudu, vile vinavyoozesha vidonda. Katikati tukaweka maji ya gome ulilonipa likiwa bichi. Tuliliosha kwanza. Unaona nini?"

Njagi akasogeza simu mbali na macho, kama anavyofanya na gazeti. "Naona duara safi."

"Hapo vijidudu vimekufa. Muthiga una nguvu kweli."

Njagi akanigeukia. "Mama Mutugi, umesikia?"

"Nimesikia. Mwache amalize."

Kanini akafungua picha ya pili. Hiyo hata mimi niliona vizuri. Sahani ilikuwa imeota manyoya ya kijani na meupe, kama mkate uliosahaulika kabatini.

"Hicho nacho ni nini?" Njagi akauliza.

"Hapa hatukupaka kijidudu hata kimoja, guka. Tulinyunyiza tu unga wa mkebe wako. Hayo yote yametoka ndani ya unga."

Nje, kuku alikuwa akitembea juu ya mabati ya zizi. Tulimsikia sote, ko, ko, ko. Alice akaziba mdomo na leso.

"Unga huo unaanikwa wapi?" Kanini akauliza, ingawa alikuwa akimsikia kuku.

"Hapo juu," nikasema. "Kuku hupita, na hufanya haja zao. Kisha tunatwanga kwenye jiwe tunalosagia chakula cha kuku hao. Na kila mtu hutia kidole mkebeni."

"Lakini muthiga unaua vijidudu," Njagi akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mbona usiviue vya kuku?"

"Ukiwa mkavu hauui vyote. Vingine hulala tu humo, vikingoja maji. Vikipata mahali penye joto na unyevu, vinaamka. Na tena, guka, sahani si mwili wa mtu. Kitu kinaweza kuua vijidudu kwenye kioo, lakini ndani ya nyama ya mtu kisifike vilipo. Ndiyo maana sisi bado tunapima. Dawa ya kidonda huwezi kuikata mtini na kuimwaga." Kanini akavuta hewa puani. "Guka, hiyo harufu ni ya nini?"

Kanini akainua blanketi.

Aliangalia wekundu ule, akaweka mkono nyuma ya goti. Kisha akasema polepole, "Mahali penye joto na unyevu, guka, ndipo hapa."

Njagi aliangalia mguu wake. Akaangalia ile picha ya manyoya kwenye simu. Halafu akaniambia, "Nitafutie ile suruali pana."

Nilielewa. Alice alikuwa ameshatoka kuita boda boda.

Zahanati ni kilomita tatu kutoka kwetu. Sista, muuguzi wa pale, aliloweka kile kitambaa kwa maji ili kibanduke. Chini yake kulikuwa na kigaga cha unga, damu na udongo, kigumu kama matope ya ukutani. Alikitoa kidogo kidogo. Njagi alishika mkono wangu kwa nguvu na kuhesabu vigae vya sakafu.

"Ulimwaga nini hapa, mzee?" sista akauliza.

"Muthiga."

"Mti mzuri. Mimi pia hutia kwenye supu." Akaendelea kuosha. "Ungekaa wiki nyingine, tungekuwa tunaulizana kama mguu utabaki. Kidonda kikiingia udongo, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Kisha funika na kitambaa safi, uje hapa siku hiyohiyo. Udongo wenye mbolea unaleta pepopunda, na hiyo inazuiwa kwa sindano, si kwa unga."

Njagi akadungwa sindano. Akapewa vidonge vya siku saba, na akaambiwa arudi kusafishwa kidonda kila baada ya siku mbili. Siku ya tatu homa iliisha, naye akasema amepona, vidonge vinatosha.

"Sista alisema siku ngapi?" nikamuuliza.

"Saba."

"Na wewe umehesabu ngapi?"

Akafungua mdomo. Kila asubuhi na jioni nilisimama mbele yake na kikombe cha maji, nikingoja mpaka ameze. Mbuzi husumbua kidogo kuliko yeye.

Jumamosi iliyofuata uvimbe ulikuwa umeshuka, na Kanini akaja tena. Safari hii Njagi ndiye aliyeuliza maswali. Alitaka kujua namna ya kuanika. Kanini akamwambia aoshe gome, alikate vipande vidogo, na alianike kwenye wavu kivulini penye upepo, mbali na kuku.

"Kivulini? Jua si ndilo linaua vijidudu?"

Kanini aliomba parachichi. Akalikata, akapaka kipande kimoja ndimu, kingine akakiacha. Tukanywa chai. Tulipomaliza, kile kilichoachwa kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Cha ndimu kilikuwa bado kijani.

"Ndani ya miti kuna vitu vinavyofanya kazi kama hiyo ndimu," akasema. "Vinazuia kuchakaa. Viko kwenye muthiga, na hata kwenye matunda ya msituni na mboga za kienyeji. Jua kali la mabatini huviharibu. Na guka, usimenye gome kuuzunguka mti wote, maana mti utakufa. Hata majani yana ukali. Chuma hayo, uache mti na nguo zake."

Njagi alitengeneza wavu kwa mbao na waya, akauning'iniza chini ya paa la ghala. Unga wa zamani tuliuzika shimoni. Sasa tuna jiwe la muthiga peke yake, chupa ya kioo yenye kifuniko, na kijiko ndani. Mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili, Njagi hampi kitu. Humtuma zahanati akapimwe kifua. Mama mjamzito pia hampi.

Mwezi wa pili baada ya hapo, jirani yetu Kobia alikuja mbio akishika mkono. Alikuwa akikatia ng'ombe majani, na panga likamkata kiganja.

"Mzee, nimwagie ile kitu kidogo," akasema.

"Njoo bombani," Njagi akamwambia. "Mama Mutugi, sabuni."

Alimshika mkono chini ya maji yanayotiririka mpaka udongo wote ukatoka. Kobia alipiga miluzi kwa maumivu. Alice akaleta kitambaa kilichopigwa pasi.

"Na muthiga?" Kobia akauliza.

"Muthiga utaukuta kwenye supu ukirudi. Twende."

Boda boda hazikuwepo, kwa hiyo walienda kwa miguu. Niliwatazama wakipanda kilima. Kobia ana miaka thelathini, lakini aliyekuwa mbele ni Njagi, bila fimbo.

"Kobia, kaza mwendo," nikamsikia akisema. "Sista hufunga saa kumi."

Nikaingia jikoni kuteleka mifupa.